Msimu, Leseni na Nyara: Istilahi za Uwindaji Zinapofika Usambara

Katika makala haya tumekusudia kueleza istilahi chache zitumikazo katika sheria na kanuni za uwindaji nchini Tanzania, na kuzipima kwa masikio ya watu zinaowahusu. Mahali tulipochagua kuzipimia ni Lushoto, katika Milima ya Usambara. Hatukupachagua kwa sababu ya wingi wa wanyama. Mwindaji atafutaye nyati au pofu hapandi Lushoto. Tumepachagua kwa kuwa huko mwananchi wa kawaida hukutana na sheria ya wanyamapori mahali asipoitazamia kabisa, yaani shambani mwake mwenyewe, usiku, nguruwe wanapofukua viazi vyake.

Mzee mmoja wa upande wa Mlalo ndiye aliyetuuliza swali ambalo ni chanzo cha maandishi haya. Alisema: "Mwanangu, nikimwua nguruwe shambani kwangu, nyama ile ni yangu au ni nyara? Na kama ni nyara, mimi nimepigana vita na nani?" Waliokuwapo walicheka. Lakini swali lile halikuwa la mzaha. Mtu anayekutwa na nyama ya mnyama wa porini bila idhini hushtakiwa kwa kosa la kupatikana na nyara za Serikali, na kosa hilo linaweza kumpeleka kifungoni. Ikiwa mshtakiwa anaamini kwamba nyara ni pembe za ndovu peke yake, au kwamba ni mali iliyotekwa vitani, basi ameingia hatiani kwa neno asilolielewa. Na kutoijua sheria si utetezi.

Jambo hili limezidi uzito tangu mwaka 2021, Bunge liliporekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 12 ya mwaka 1974, na ile iliyochukua nafasi yake, yaani Na. 5 ya mwaka 2009, zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha maofisa, cha magazeti na cha mikutano ya hadhara. Kiswahili cha namna hiyo kiliweza kuyumba huku na huku bila madhara makubwa, maana nyuma yake yalikuwapo maandishi mengine ya kurejea. Sasa Kiswahili chenyewe ndicho kinachotakiwa kuwa cha kurejewa, wala hakuna tena kivuli cha kujificha.

Msimu

Anayepanga safari ya kuwinda huanza na swali la lini. Neno tulilo nalo ni msimu, neno la Kiarabu lililotufikia pamoja na majahazi. Kwa watu wa pwani msimu ulikuwa wakati wa pepo za kaskazi, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilipoingia bandarini na biashara ikachangamka. Ndilo neno hilohilo ambalo Wazungu wamelifanya kuwa jina la pepo zenyewe. Tangu asili, basi, msimu si majira matupu, bali ni majira yenye shughuli yake. Ndiyo maana twasema msimu wa karafuu na msimu wa korosho, na hatusemi msimu wa jua. Kwa hiyo "msimu wa uwindaji" ni istilahi iliyokaa vizuri, nasi hatuna sababu ya kuigusa.

Iko shida moja hata hivyo. Misimu ya mkulima huletwa na mbingu. Mtu wa Lushoto anaijua masika ya Machi hadi Mei, anayajua manyunyu ya mchoo yafuatayo baada yake, anaijua vuli, na hajawahi kuona ofisa akiitangaza vuli. Msimu wa uwindaji ni wa namna nyingine. Ule wa uwindaji wa kitalii huanza tarehe 1 Julai, hata kama mwaka huo mvua imechelewa kukatika, na hufungwa kabla masika ya mwaka unaofuata hayajakolea. Tarehe ya kufungwa imewahi kubadilishwa na kanuni, na kwa sababu hiyo mwindaji mwenye busara huulizia upya kila mwaka. Hapana shaka tarehe hizo hazikuokotwa. Ifikapo Julai njia za porini zimekauka, nyasi zimeanza kupungua na wanyama wanasogelea maji. Tena katika miezi ya mvua wanyama wengi wa mbugani huzaa na kulea, nao wanastahili kuachwa. Msimu wa Serikali umejengwa juu ya majira ya maumbile, lakini hausomwi mawinguni. Husomwa katika tangazo na katika leseni.

Kinyume cha msimu kimetusumbua zaidi. Wapo wanaoandika "msimu uliofungwa", na wapo wanaokataa wakisema msimu si mlango. Hatukubaliani na wakataao. Kiswahili hufunga mambo mengi yasiyo na komeo: hufunga shule, hufunga mwaka, hufunga mkutano. Wavuvi wa pwani yetu waliokubaliana kuacha baadhi ya miamba ili pweza wakue husema wameifunga, na siku ikifika husema wameifungua. Lipo pia neno "kupumzisha", ambalo lilivuma mwaka 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimama kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Neno hilo ni zuri, maana limebeba sababu ndani yake. Ziwa linapumzishwa kama shamba linavyopumzishwa. Lakini katika sheria tunaliogopa kidogo. Anayeambiwa kwamba wanyama wanapumzika anaweza kudhani ameombwa ustaarabu, kumbe amekatazwa. Pendekezo letu ni kwamba katika mazungumzo na mikutano tuseme "msimu umefungwa", na katika maandishi ya sheria tuandike "kipindi cha kufungwa kwa uwindaji".

Papo hapo ifaa tutenganishe maneno matatu ambayo magazeti huyachanganya kila mara. Kufunga ni jambo la kila mwaka, na siku ya kufungua inajulikana. Kusimamisha ni kukatiza bila ahadi ya tarehe: ndivyo ilivyokuwa nchini kwetu mwaka 1973, uwindaji uliposimamishwa, na ule wa kitalii haukurejea mpaka mwaka 1978, ukiwa chini ya shirika la umma lililoitwa TAWICO. Kupiga marufuku ni kukata shauri kwamba jambo halifanywi tena, kama Kenya ilivyofanya mwaka 1977, nayo haijalirudia mpaka leo. Mwindaji anayesoma "uwindaji wafungwa" hana budi kujua ni lipi kati ya hayo matatu, maana la kwanza lamwambia angoje, la pili lamwambia ahifadhi fedha zake, na la tatu lamwambia auze bunduki.

Pori na msitu

Swali la pili ni la wapi, na hapa ndipo Usambara inapotufundisha jambo ambalo huenda tusingelijua tukikaa Dar es Salaam.

Neno "wanyamapori" limezoeleka kiasi kwamba wengi hawakumbuki kuwa si la zamani sana. Wazee walisema wanyama wa mwitu. Katika wakati wa Waingereza ofisa wa wanyama aliitwa Bwana Nyama, kwa mpango uleule wa Bwana Shamba, na jina hilo lilitosha kueleza kila kitu, ingawa mgeni angedhani ni mwenye bucha. Baadaye lilipotakiwa neno la jumla, pori lilishinda mwitu. Kwa mtu wa nchi tambarare ushindi huo hauna ubaya. Lakini Washambaa wanaigawa nchi yao sehemu mbili: juu ni Shambaai, nchi ya migomba, ya ukungu na ya misitu minene, chini ni nyika, nchi ya joto na vichaka, kuelekea Mombo na Mkumbara kwa upande mmoja, na kuelekea mbuga za Umba na Mkomazi kwa upande wa kaskazini. Ukimtajia mtu wa juu "pori", macho yake hutazama chini. Huko ndiko kwenye ndovu na simba. Nguruwe aliye katika msitu ulio nyuma ya nyumba yake, na mbega aliye juu ya mti, hao kwake si wa porini. Ni wa msituni, ni majirani. Kwa hiyo anaposikia kwamba kuna sheria ya wanyamapori huiona ni sheria ya watu wa nyika.

Sheria, lakini, haitofautishi pori na msitu. Nguruwe wa Magamba ni mnyamapori sawasawa na nyati wa Rukwa. Hatupendekezi kulibadili neno lililokwisha kuingia katika majina ya ofisi na mamlaka; hilo lingekuwa kuwasumbua watu bila faida. Tunapendekeza tu kwamba fasiri yake, kila inapoandikwa, itaje msitu waziwazi: "mnyama yeyote asiyefugwa, akiwa porini, msituni, majini au mashambani."

Majina ya maeneo nayo yana darasa lake. Hifadhi ya Taifa ni mahali ambapo hakuna kuwinda kabisa. Pori la Akiba ni mahali ambapo wanyama wamewekwa kama mtu awekavyo akiba ya nafaka, na huweza kuwindwa kwa idhini, kwa mpango na kwa hesabu. Pori Tengefu ni eneo lililotengwa kwa ajili ya usimamizi, na masharti yake ni mepesi kuliko ya Pori la Akiba. Istilahi hizi zimeundwa kwa ustadi, hasa "tengefu", neno linaloeleweka na kila mtu bila mwalimu. Lakini eneo linaweza kubadilika jina, na jina likibadilika haki za mtu hubadilika pamoja nalo. Mkomazi ilikuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1951. Katika miaka ya 2000 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Mtu aliyejifunza akiwa kijana kwamba Mkomazi ni akiba, akaendelea kuiita hivyo uzeeni, hajakosea historia, amekosea sheria. Na aliye juu milimani asidhani kwamba amepona kwa kuwa mbali na hifadhi hiyo, kwa maana misitu ya juu nayo, kama ule wa Magamba, imehifadhiwa kwa sheria za misitu, na haiingiliwi kwa kuwinda bila kibali.

Maana yake ni kwamba mkazi wa Lushoto mwenye bunduki halali na hamu ya kuwinda hawezi kuifanya safari yake nyumbani. Hana budi kutafuta wilaya nyingine yenye eneo lililofunguliwa kwa uwindaji wa namna yake, na kwenda huko wakati wake. Akifika atasikia neno "kitalu", nalo litamshangaza. Lushoto kitalu ni mahali pa kuoteshea miche, na hakuna mtu wa huko asiyejua kitalu cha miti, kwa jinsi kazi ya kupanda miti na kuzuia mmomonyoko ilivyohimizwa milimani. Sasa anaambiwa kwamba kitalu kina ukubwa wa kilometa za mraba mamia, na ndani yake mna simba. Neno halikukosewa. Kitalu tangu zamani ni mahali palipozungushiwa ukuta au mipaka, na kutoka hapo limekwenda kwenye miche, kwenye madini, kwenye gesi na kwenye uwindaji. Tunalitaja ili mwandishi wa kanuni akumbuke kuandika "kitalu cha uwindaji" kwa ukamilifu, asiandike kitalu peke yake.

Leseni, kibali na mgawo

Kuwinda kwa hati si jambo la jana. Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, nchi ilikwisha kuwa na kanuni za uwindaji: Gavana Hermann von Wissmann alizitoa mwaka 1896, zikimtaka mwindaji awe na hati, na zikiruhusu maeneo kutengwa. Baada yake walikuja Waingereza na Idara yao ya wanyama mwaka 1919, kisha sheria zetu wenyewe. Katika muda huo wote maneno ya hati yaliongezeka bila kupangwa, hata leo mtu mmoja husikika akisema leseni, kibali, ruhusa na cheti kwa maana moja.

Kwa maoni yetu zipasa kutenganishwa hivi. Leseni ya uwindaji humpa mtu aliyetajwa jina haki ya kuwinda wanyama waliotajwa, kwa idadi iliyotajwa, mahali na wakati uliotajwa, baada ya kulipa ada. Kibali ni ruhusa ya kufanya jambo ambalo kwa kawaida limekatazwa, kwa mfano kuingia katika Pori la Akiba. Leseni ya kumiliki silaha ni kitu cha tatu, nayo iko chini ya sheria nyingine kabisa. Wako watu waliofika mahakamani wakiwa wameshika leseni ya bunduki na kuamini kwamba bunduki iliyoruhusiwa imeruhusiwa kupiga. Neno "leseni" lisipofuatwa na "ya" fulani, ni mtego.

Mgawo ni hesabu ya wanyama wa kila aina wanaoweza kuwindwa katika eneo kwa mwaka, kwa kadiri wataalamu wanavyoona kwamba mbegu haitapungua. Mgawo ni wa mahali, leseni ni ya mtu. Mgawo ni chungu, leseni ni sahani. Chungu kikiisha, sahani yako tupu haikupi haki ya kudai. Wengine wameanza kuandika "mgao". Sisi twapenda mgawo, kwa kuwa mgao sasa umekuwa jina la kukatika kwa umeme, na hatuoni haja ya kuwatia wanyama katika habari hiyo.

Lipo neno ambalo tungependa kuliona likibadilishwa, nalo ni "mwenyeji". Kanuni hutenganisha uwindaji wa kitalii na uwindaji wa wenyeji. Mwandishi alikusudia kusema mkazi wa nchi, asiye mtalii. Lakini kwa Kiswahili cha kila siku mwenyeji ni mtu wa mahali hapo, kinyume cha mgeni. Ndiye mwenye nyumba, ndiye anayepokea. Kijana wa kijiji kilicho jirani na pori husoma "uwindaji wa wenyeji" na kuelewa kwamba ni haki ya watu wa kijiji chake, wala si jambo la kulipia ada. "Uwindaji wa wakazi" ungeondoa udanganyifu huo kwa kubadili neno moja tu. Kadhalika "mwindaji bingwa", yule aliyepewa leseni ya kuwaongoza watalii, hutufanya tumfikirie mtu aliyeshinda mashindano. Bingwa ni mtaalamu vilevile, kweli, lakini michezo imelichukua neno. Hapa hatuna pendekezo lililotukinaisha. "Mwongoza wawindaji" lina ukweli zaidi, ingawa wenyewe hawalipendi.

Tukubali pia kwamba Kiswahili wakati mwingine huitumikia sheria vizuri kuliko lugha iliyoiandika. Katika sheria, kuwinda si kuua tu. Aliyetega kitanzi asipate kitu, aliyevizia, aliyefuata nyayo, wote wamewinda. Waandishi wa Kiingereza walilazimika kutumia mistari mingi kulitanua neno lao. Sisi twasema paka anamwinda panya, na panya yu hai bado. Kuvizia kumo ndani ya kuwinda tangu asili. Hata kwa Kiunguja, ambako wawindaji huitwa wasasi, usasi ni kazi ya siku nzima, iwe wamerudi na kitu au mikono mitupu. Kwa hiyo fasiri ya "kuwinda" yaweza kuwa fupi, na mwananchi akaielewa kwa mara ya kwanza kuisikia.

Majina ya wanyama

Leseni hutaja mnyama kwa jina, na majina ndiyo yenye hatari kubwa kuliko yote tuliyokwisha kuyataja. Chukua wanyama wadogo wa jamii ya swala. Tunayo maneno paa, funo, nsya, minde, pongo, mbawala na kulungu. Kamusi zetu huyaeleza kwa maneno yanayokaribiana mno, hata msomaji hawezi kumtambua mnyama kwa kusoma. Pongo kwa maofisa wa wanyamapori ni Tragelaphus scriptus, mwenye mistari na madoa meupe ubavuni. Lakini watu wengi humwita mnyama huyohuyo mbawala, na wengine kulungu. Nsya ni Sylvicapra grimmia, wa vichaka vya wazi. Paa ni yule mdogo kabisa, Nesotragus moschatus, lakini neno hilohilo limekuwa jina la jumla la kila kidogo chenye pembe fupi, na kule Unguja kuna paa nunga, Cephalophus adersi, ambaye ni mnyama mwingine kabisa na adimu. Minde, Cephalophus spadix, hapatikani popote duniani ila katika misitu ya milima ya Tanzania.

Fikiri mtu aliyepewa leseni ya nsya. Asubuhi, katika ukungu, ameona mgongo wa mnyama wa kadiri ya mbuzi, mweusi-mweusi, akapiga. Akimkuta ni minde, hakuna maelezo ya lugha yatakayomwokoa. Tofauti ya maneno mawili yenye fasiri moja katika kamusi ni tofauti ya mawindo halali na kesi.

Wapo wanaosema dawa ni kuandika majina ya Kilatini katika leseni. Yaandikwe, hayana madhara, na mahakama itayahitaji. Lakini Kilatini hakimsaidii aliye kichakani. Dawa ya kweli ni kwamba kila jina la Kiswahili liwe na mnyama mmoja, na kila mnyama awe na jina moja katika maandishi ya Serikali, na jedwali la majina ya mahali liambatanishwe kwa kila mkoa, pamoja na picha. Majina ya Kishambaa, ya Kizigua, ya Kibondei na ya Kipare yangali hai katika vinywa vya watu waliokwisha kuzeeka. Marehemu F. LangHeinrich alichapisha kamusi ya Kishambaa kwa Kijerumani huko Hamburg mwaka 1921, na Profesa Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa msamiati wa lugha hiyo mwaka 1993. Kazi ya kulinganisha inaweza kuanzia mezani, lakini haiwezi kumalizikia hapo. Lazima mtu apande mlima akiwa na picha mkononi na kuuliza, huyu mwamwitaje?

Nyara

Sasa turudi kwa mzee wa Mlalo.

Mtu asiyeijua habari ya Mbegha hataelewa kwa nini swali lake lilikuwa zito kwake. Abdallah bin Hemedi, aliyeandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, ameeleza jinsi Mbegha alivyofika Usambara: mwindaji kutoka Unguu, aliyekimbia kwao kwa kuwa alisingiziwa kigego, mwenye mikuki na mbwa. Alikuta nguruwe wanayamaliza mashamba ya watu. Akawaua, akaigawa nyama, akapokea vyakula vya shamba. Mwisho watu wakamfanya mfalme wao, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vugha. Hivyo katika kumbukumbu za milima hiyo, mwenye kuua nguruwe na kugawa nyama si mhalifu. Ndiye chanzo cha dola. Leo hii mtu akifanya alivyofanya Mbegha, kwa mbwa wale wale, atakuwa ametumia njia iliyokatazwa, amewinda bila leseni, na amegawa nyara za Serikali kwa kijiji kizima.

Neno nyara lilikuwa la vita. Mpaka sasa twasema kuteka nyara, na ndege ikitekwa au mtu akitekwa, hilo ndilo neno. Lilipochaguliwa kwa kumbukumbu za uwindaji, yaani pembe, ngozi, meno na vichwa vya kutundika ukutani, halikuchaguliwa vibaya. Mwindaji mtalii kweli hurudi kwao na mateka. Ila sheria imelitanua likajumuisha kila sehemu ya mnyama, hata nyama mbichi na mfupa, na kuongeza "za Serikali", kwa kuwa mnyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Serikali. Maana imetanuka, na masikio ya watu hayakutanuka pamoja nayo. Kipande cha nyama kilicho jikoni hakiingii akilini mwa mtu kuwa nyara.

Juu ya kumwua mnyama anayeharibu, sheria haina ukatili unaodhaniwa. Aliyemwua mnyama kwa kulinda uhai wake au mali yake hana kosa. Lakini ana wajibu wa kutoa taarifa, na mnyama yule, nyama na ngozi na vyote, hubaki kuwa nyara za Serikali. Haki ya kuua haileti haki ya kula. Sentensi hiyo fupi haijulikani vijijini, na tumeiona katika karatasi chache mno za Kiswahili.

Hapo ndipo tunaposifu, kwa mara moja, ustadi wa waandishi wa kanuni. Mwaka 2011 zilipotoka kanuni za malipo kwa wanaodhuriwa na wanyama wakali waliotajwa humo, hawakutumia neno fidia. Fidia ni kulipa thamani ya kilichopotea, na Serikali haikuahidi hivyo. Walitumia maneno ya mitaani: kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Anayesikia kifuta jasho anajua mara moja kwamba ni kidogo, na kwamba jasho lenyewe halirudi. Hiyo ni istilahi inayosema kweli.

Nyara nayo yafaa isemwe vivyo hivyo. Hatushauri iondolewe, maana imo katika hukumu nyingi na katika vinywa vya polisi na mahakimu. Tunashauri kwamba katika kila maandishi ya Kiswahili ya sheria hii, na katika kila leseni, neno hilo lisisimame peke yake linapotajwa mara ya kwanza. Liandikwe "nyara za Serikali, ikiwa ni pamoja na nyama". Maneno matano ya ziada.

Tulimweleza mzee hayo yote, ya wajibu wa taarifa na ya nyama kubaki mali ya Serikali. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kutoka kwake mpaka kwa ofisa wa wanyamapori ni mwendo wa saa ngapi wakati wa masika, na mzoga wa nguruwe hukaa muda gani kabla ya kunuka. La kwanza alilijua kuliko sisi. La pili tulilijua wote.